Malaria 30, bajeti 5: uzi kuhusu kuwafundisha mameneja kugawa fedha

Kokoto Mia (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Juzi nilichomekea mahali kwamba mafunzo mengi ya mameneja ni chai, vitafunwa na posho, nikashambuliwa hadi nikazima simu. Niliahidi kueleza, basi naeleza. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Nimekaa miaka kadhaa kwenye mipango ya afya, sasa nazunguka kufundisha timu za wilaya, zile tunazoziita CHMT: Mganga Mkuu, katibu wa afya, mfamasia, muuguzi mkuu, mratibu wa chanjo, mhasibu. Nawafundisha jinsi ya kuamua shilingi iende wapi. Na kila nikisimama mbele ya timu naanza na habari ya hapahapa nyumbani Tanzania, ya wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini.

Mwaka 1993 Benki ya Dunia ilitoa ripoti yake ya mwaka, safari hiyo ikiwa juu ya afya. Hoja yake: nchi maskini inaweza kupunguza vifo vingi kwa kifurushi cha huduma chache za bei nafuu, kama dola 12 kwa mtu kwa mwaka, mradi fedha ifuate magonjwa yanayoua. Shirika la utafiti la Kanada, IDRC, likauliza swali ambalo mkulima yeyote angeuliza: mbegu hii imeshapandwa wapi ikaota? Wizara yetu ya Afya ikasema njooni tuipande hapa. Ndipo ukazaliwa mradi wa TEHIP, ukafanya kazi kwenye wilaya hizo mbili tangu miaka ya 1990 hadi 2004.

Wakati ule matumizi ya afya nchini yalikuwa kama dola 8 kwa mtu kwa mwaka. Mradi uliahidi kuongeza hadi dola 2 juu yake. Wilaya zikashindwa kuzimaliza. Nyongeza iliyotumika haikufika hata dola moja, ilizunguka kwenye senti 80. Mtu ana kiu, unampa ndoo, anakunywa kikombe, kwa sababu hana chombo cha kukingia.

Chombo chenyewe kilikuwa hivi. Kwanza ilibidi kujua watu wanakufa kwa nini. Utasema fungua vitabu vya MTUHA, zile kumbukumbu za vituo vya afya. Lakini MTUHA inamjua aliyefika kituoni, na wengi walikuwa wakifia nyumbani. Kwa hiyo watu walipita kaya kwa kaya, wengine kwa baiskeli, wakiuliza nani kafariki tangu tulipokuja mara ya mwisho, aliumwa siku ngapi, homa, kikohozi, degedege? Rufiji tangu mwishoni mwa 1998 walifuatilia watu elfu 85 hivi, kila kaya mara tatu kwa mwaka. Morogoro kulikuwa na mradi mwingine uliotangulia kuhesabu vifo kwa njia kama hiyo.

Majibu hayakupelekwa kwa timu kama kitabu cha kurasa mia mbili. Yaligeuzwa mchoro wa nguzo ambao hata mtu aliyechoka saa tisa alasiri anauelewa.

Halafu bajeti. Ambaye hajaiona bajeti ya afya ya wilaya asicheke: kila mfadhili na fomu yake, kila fomu na mafuta yake, posho zake, shajara zake, na ukimuuliza mtu "malaria tunaitumia shilingi ngapi?" hakuna anayejua, kwa sababu hakuna mstari ulioandikwa malaria. TEHIP wakatengeneza lahajedwali. Unaingiza mistari yote, yenyewe inakupangia kwa ugonjwa na huduma, inakuchorea nguzo nyingine. Unaziweka nguzo hizi kando ya zile za vifo.

Morogoro ilikuwa hivi: malaria asilimia 30 ya miaka ya uhai inayopotea, yaani miaka ambayo waliokufa wangeishi, bajeti ya 1996 ikaipa asilimia 5. Magonjwa ya watoto, nimonia na kuhara na ndugu zao, asilimia 28, yakapewa 13. Kifua kikuu hakikufika hata 4, kikapewa 22.

Na hapo hakuna aliyeiba, nasisitiza. Walikuwa wamechukua bajeti ya mwaka uliopita, wakaongeza kidogo kila mstari, wakaegemea alipo mfadhili. Sote tunafanya hivyo, hata kwenye harusi.

Timu zilipoona michoro zikaanza kuhamisha fedha. IMCI, ule utaratibu wa kumtazama mtoto mgonjwa mzima mzima badala ya kumtibu homa peke yake, ikaingia vituoni. Vyandarua vyenye dawa vikasukumwa. Rufiji vifo vya watoto wachanga vikashuka kutoka 100 kwa kila vizazi hai 1,000 mwaka 1999 hadi 72 mwaka 2000; vya chini ya miaka mitano kutoka 140 hadi 120. Kwa miaka mitano wilaya zote mbili zilishusha vifo vya watoto kwa zaidi ya asilimia 40.

Sasa mimi nafundishaje? Nawapa kokoto 100 na kadi za huduma: malaria, uzazi, chanjo, kifua kikuu, lishe, dawa, ukarabati, usimamizi na safari. Kila mmoja anapanga kokoto zake peke yake, kimya, anaandika idadi kwenye karatasi. Hiki kimya nilijifunza kwa kuumia. Halmashauri moja, siitaji, Mganga Mkuu alifungua kikao kwa kusema "mimi naona tatizo letu ni gari." Kufika saa ya chai watu tisa walikuwa wameshaona gari. Hata mratibu wa chanjo, ambaye jokofu lake lilikuwa limekufa.

Wakishapanga ndoto yao, natoa bajeti yao halisi ya mwaka unaoendelea, nao wanaipanga kwa kokoto zilezile. Timu moja iliweka kokoto 31 kwenye safari, mafuta na semina, na 6 kwenye uzazi. Ukumbi ukanyamaza. Muuguzi mkuu akasema, "Mbona mwaka huu tumezika akina mama wajawazito na waliojifungua wanne?" Hakusema kwa hasira.

Halafu ndiyo kazi yenyewe. Nasema: ondoeni kokoto tano mahali, mziweke pengine, na muandike sababu kwa mstari mmoja. Kuongeza kila mtu anajua. Kuondoa hakuna anayetaka. Katibu wa afya wa timu ile alizishika zile kokoto kama mtu aliyeshika kifaranga, dakika nzima.

Kwangu, mafunzo ambayo siku ya mwisho hakuna kokoto iliyohama yalikuwa semina. Haya, nipigeni.

Bwana Mizania

Mkuu umeandika vizuri lakini unauza kitu hatari. Hesabu ya "ugonjwa unaua 30 kwa hiyo upewe 30" ni hesabu ya mtoto. Kifua kikuu ulichokionea wivu, unajua Tanzania ndiko kilikofundishwa kutibiwa kisasa? Mpango wa taifa ulianza 1977, na Karel Styblo alifanya kazi hapa hadi njia ile ya kumsimamia mgonjwa anywe dawa ikachukuliwa na dunia nzima. Sasa huenda kiliua wachache KWA SABABU kilipewa fedha. Ukiifuata nguzo ya vifo utakwenda kufuta chanjo ya surua, maana surua siku hizi haiui wengi. Ufute uone.

Pili, asilimia 40. Kuna utafiti uliochapishwa 2004 uliolinganisha Rufiji na Morogoro na wilaya za Kilombero na Ulanga ambazo hazikuwa na IMCI. Tofauti ya vifo vya watoto ilikuwa asilimia 13, na kiwango cha kukosea cha makadirio hayo kilikuwa kipana mno kiasi kwamba bahati tupu haikuweza kuondolewa. Vifo vilikuwa vinashuka kwingi miaka ile. Msituuzie mradi.

Kokoto Mia

@Bwana Mizania nimekupa like, na sitabisha nusu ya kwanza. Michoro ile haikuwa ya kusema 30 ipate 30. Nguzo ya vifo ilipangwa kwa huduma: sehemu gani ya mzigo huu inaweza kuguswa na kitu tulicho nacho na tunachokimudu. Ugonjwa unaoua sana lakini huna cha kuufanyia haupati kokoto nyingi. Na wanaokuja kwangu nawakataza kugusa chanjo siku ya kwanza. Mfano wako wa surua nautumia sana, ila nauita paa: hakuna anayefumua paa kwa sababu mwaka huu hakunyeshewa.

Kifua kikuu umenibana. Naongeza tu kwamba timu ile haikujua kwamba kinakula 22. Ungewauliza wakitetee wasingeweza, kwa sababu hawakuwa wameiona namba. Anayetoa 22 akijua, akaniambia "nalinda kisirudi", huyo hana shida na mimi.

Kuhusu utafiti wa 2004, uko sahihi, ila umeacha nusu. Kilombero na Ulanga nao walikuwa na mradi mkubwa wa vyandarua miaka hiyohiyo, kwa hiyo umelinganisha aliyekula ugali na aliyekula wali, ukashangaa wote wameshiba. Na utafiti huohuo ulikuta gharama ya kumhudumia mtoto kwenye wilaya za IMCI ni sawa au chini ya kule kwingine, huku huduma ikiwa bora zaidi.

Bwana Mizania

La gharama nakubali. La ugali na wali nalifikiria.

Sista wa Zahanati

Naomba niingie mimi niliye chini. Mnaongea kana kwamba meneja ni mtu wa makao makuu ya wilaya. Tangu 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa wafadhili wa afya zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Maana yake mimi, muuguzi, ndiye meneja. Nazalisha usiku, asubuhi naandika hati ya malipo, mchana naingiza kwenye FFARS, ule mfumo wa hesabu za vituo, kwa mtandao unaokuja na kuondoka kama mume wa baharini.

Hebu mnifundishe hii. Robo mwaka iliyopita tulikuwa na hela ya kitu kimoja tu: tangi la maji ya mvua, au kumlipa mlinzi miezi sita. Kamati ya kituo ilikaa. Wanaume wote walitaka mlinzi kwa sababu betri ya sola iliibwa. Akina mama wawili walitaka tangi kwa sababu wao ndio wanaobeba maji mgonjwa wao akijifungua. Kura sita kwa mbili. Nikapeleka mlinzi. Mpaka leo sijui kama niliamua au niliamuliwa.

Na hiyo IMCI mnayoisifia, mafunzo yake ni siku 11. Mkumbuke kituo chenye mtumishi mmoja au wawili, mmoja akienda siku 11 nani anabaki? Hiyo nayo ni kokoto.

Kokoto Mia

Sista, umenifunga mdomo kidogo. Swali la siku 11 ni halali kabisa, na wengi wamelikwepa kwa kulihesabu kama "gharama ya mafunzo" na kusahau mlango uliofungwa.

Kuhusu tangi. Tatizo silioni kwenye kura, naliona kwenye mlichokipigia. Mlipiga kura juu ya vitu, mlinzi na tangi, kabla ya kukubaliana mnatafuta nini. Ningekuwepo ningeuliza kwanza: katika miezi sita ijayo ni jambo gani likitokea hapa tutajilaumu? Mkiandika matatu, mfano mama kupata maambukizi, kituo kukosa mwanga usiku, wagonjwa kwenda kwa mganga wa jirani, mnayapa uzito kabla hakuna aliyetaja tangi wala mlinzi. Halafu ndiyo mnapima kila kitu kwa hayo matatu. Mara nyingi inatokea njia ya tatu iliyokuwa imejificha. Betri kufungiwa ndani ya chumba cha dawa chenye nondo, kwa mfano, ni bei ya kufuli na fundi wa nusu siku.

Sista wa Zahanati

Chumba cha dawa kina nondo. Mungu wangu.

Mzee Diwani Mstaafu

Hapo kwenye kuweka vigezo kabla ya majina ndipo penye mfupa. Nimekaa kwenye baraza vipindi viwili. Zahanati mpya ikija, kila diwani anajua kijiji chake kinafaa, na kila mmoja ana vigezo ambavyo kwa bahati vinakipendelea kijiji chake. Safari moja Mkurugenzi aliyekuwa na akili alifanya hivi: Januari akatuuliza tu, kwa jumla, zahanati inafaa iwekwe kwa kuangalia nini? Tukasema umbali kutoka kituo cha karibu, idadi ya watu, barabara masika, kijiji kutoa eneo na nguvu kazi. Tukazipa alama, tukasaini. Aprili akaleta majina ya vijiji na alama zake. Kijiji changu kilikuwa cha nne. Nilikasirika nikatoka nje, nikarudi, maana saini ilikuwa yangu.

Lakini mkumbuke, mwaka uliofuata alihamishwa. Aliyekuja akaendelea na ile ya zamani. Kwa hiyo mafunzo ya mtu mmoja mmoja ni kumwaga maji mchangani.

Kokoto Mia

Mzee shikamoo. Hili la kuhamishwa ndilo linalonikosesha usingizi. TEHIP walilijua, ndiyo maana zana zile ziliwekwa kwenye mfumo wa kazi: kituo cha afya kikubwa kinasimamia zahanati zilizo karibu nacho, wanawasiliana kwa redio kol badala ya kumsubiri msimamizi wa wilaya apate gari, na mpango wa mwaka unaandikwa kupitia michoro ileile. Anayekuja anaikuta kazi inakwenda hivyo.

Siku hizi tuna PlanRep, mfumo wa kuandaa mipango na bajeti, ya mtandaoni tangu 2017, nayo imesaidia sana kwa upande wa kujumlisha. Tatizo langu nayo ni moja: inakuuliza umeweka nini kwenye kifungu gani, haikuulizi umeacha nini. Ukomo wa bajeti unakuja, unajaza hadi ukomo, unabonyeza, unakwenda nyumbani. Mimi huwa nawaambia timu wawe na daftari la kawaida, la shilingi mia tano, la kuandika kila walichokikataa na sababu. Anayerithi kiti anasoma daftari.

Jirani wa Kaunti

Salamu kutoka Kenya, upande wa pili wa mpaka. Sisi huku tulitungiwa kanuni: sheria ya fedha za umma ya 2012 inasema angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwa maendeleo, kaunti pia. Ni nzuri, lakini nimeona meneja akiitumia kama blanketi la kujifunika. "Nimefikisha 30." Umefikisha 30 ya nini bana? Jengo bila wauguzi nalo ni maendeleo kwenye karatasi. Asilimia ya kisheria haimfundishi mtu kufikiri, inamfundisha kufikisha.

Kijana wa Stoo

Nauliza kijinga: hii inafaa kwa duka la vifaa vya ujenzi? Nina mtaji mdogo, kila mwezi najaza saruji kwa sababu kila mtu anauza saruji.

Kokoto Mia

Inafaa kuliko huko kwetu, maana wewe ndiye diwani, mhasibu na Mkurugenzi. Chukua daftari la mauzo la miezi mitatu, upande mmoja faida ya kila bidhaa, upande wa pili fedha uliyoilaza humo. Usiangalie mauzo, angalia faida. Saruji inatoka haraka lakini mfuko mmoja unakuachia kiasi gani? Halafu rudi hapa utuambie misumari na viunganishi vya mabomba vimekuambia nini. Na kabla ya kuagiza mzigo mkubwa, kaa na shemeji mfikirie ni Desemba na biashara imekufa. Kila mmoja aandike imekufa kwa nini. Gary Klein, mtaalamu wa saikolojia wa Kimarekani, aliandika juu ya mbinu hii mwaka 2007. Mimi naiita kuwahi msiba. Watu wanaoogopa kumpinga bosi, ukiwaambia mpango umeshakufa, wanatoa sababu bila woga.

Bwana Mizania

Nimerudi. Leo tulikuwa na kikao cha kamati ya jumuiya yetu ya mtaa, watu saba, bajeti ya milioni moja na laki mbili. Sikuwa na kokoto nikatumia maharage. Nikawapa kimya kama ulivyosema, halafu nikawapangia matumizi ya mwaka jana.

Maharage 44 yalikuwa soda na maji ya vikao.

Mwenyekiti kasema hesabu si sahihi, turudie Jumamosi. Mtunza hazina amesema Jumamosi aje na maharage yake.